Bakteria niliyempa "Mfanyakazi Bora" kumbe alikuwa anakula siki yetu

Wakuu, kwa umri wangu naamini shikamoo mmeshatoa, basi marahaba. Stori hii sijaitia chumvi. Siki imo.

Enzi za Ujamaa nilikuwa kijana wa Manzese, kibarua wa maabara kwenye kiwanda kidogo cha siki njia ya Kunduchi. Tembo la mnazi likichachuka, bakteria hulifanya siki.

Ishu ikawa moja: siki ikikaa kidogo inapoteza ukali. Kuna bakteria wakishaitengeneza wanatoa kimeng'enya cha kuivunja tena, wanaila wenyewe.

Bosi wetu, Bi Monika, mama wa Moshi asiyecheka ovyo, akaniambia: "Nitafutie asiyekula siki, nikuombee ajira ya kudumu. Ukikosa, mwisho wa mwezi tunaagana."

Na posa nilishapeleka Temeke. Niliogopa, sifichi.

Nikakusanya siki za majumbani, hata ya mama yangu ya achari. Kila bakteria nikamwotesha kwenye kisahani chenye unga wa chaki. Anayetengeneza siki, chaki inayeyuka, linabaki duara angavu.

Siku ya pili, bakteria wa nyumba moja ya Kunduchi alikuwa na duara la kutisha. Nikambandika karatasi: MFANYAKAZI BORA, kama Mei Mosi vile.

Wa mama alikuwa na kaduara kadogo. Nikaandika MVIVU, nikampeleka kwenye vyombo vya kuoshwa. (Mama, nisamehe huko uliko.)

Siku ya sita Bi Monika akaniita. Lile duara lilikuwa jeupe tena, chaki imeganda upya, maana siki ikiisha hurudi. Siki yote kaila.

"Huyu ndo bora wako?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu mnyonyaji."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakimbilia kwa Bi Somoe, mama wa Mtwara aliyetuoshea vyombo, kuulizia kisahani cha Mvivu.

"Sijaviosha, mwanangu. Sabuni imeadimika wiki nzima, unataka nioshee mate?"

Nikafukua. Kaduara ka Mvivu kalikuwa palepale, angavu, hakajarudi nyuma hata kidogo. Nilimkumbatia Bi Somoe, akanifukuza.

Tukamjaribu kwenye pipa. Mwezi ukapita, siki bado inakunjisha uso. Ajira nikapata, Temeke wakanijibu.

Nilitaka kubadilisha ile karatasi, Bi Monika akakataa. "Iache, ikufunze adabu." Mapipa yote yakaandikwa MVIVU.

Funzo langu: usimpe mtu cheti siku ya pili, ngoja ya sita.

Mke wangu hadi leo nikichelewa kuamka ananiita Mvivu, nami naitika kwa fahari. Nyie je, mlishamdharau nani akaja kuwaokoa? Tiririkeni.