Kipimo cha Siku ya Tano

Revocatus aliwajua watoto wa wodini zaidi kwa damu yao kuliko kwa sura. Miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa maabara katika hospitali moja mjini Musoma. Vichupa vilimfikia kupitia dirisha dogo, na majibu yakatoka kwa dirisha hilohilo. Tangu mkewe Hyasinta afariki, kuna siku jua lilizama hajasema na mtu zaidi ya salamu.

Wiki ile walilazwa watoto kadhaa wenye homa ya dengi. Mmoja aliitwa Dorah, miaka sita, wa Kiabakari. Siku ya nne ya homa, chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa laki moja na elfu kumi na mbili. Asubuhi ya tano mashine ikasoma elfu thelathini na nane.

Revocatus hakuiamini. Akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini. Mashine haikukosea. Tena damu yenyewe ilikuwa nzito kuliko jana, dalili kwamba maji yanavuja kutoka kwenye mishipa.

Akapiga simu wodini. Ikaita weee, kimya. Akavua glavu, akaenda mwenyewe.

Kitanda kilikuwa kitupu.

"Mama yake anasema homa imeisha," Sista Jenipher alisema. "Nilimwambia amsubiri daktari. Kugeuka hivi, katoka."

Revocatus alikimbia na goti lake bovu hadi getini. Mwanamke alikuwa anaingia kwenye bajaji, mtoto begani.

"Mama Dorah! Shuka kwanza."

"Mtoto kapoa, baba. Mguse mwenyewe. Mdogo wake nimemwachia jirani."

Akamgusa. Mikono ilikuwa ya baridi, tena ina unyevunyevu. "Tumbo linauma?" Dorah akaitikia kwa kichwa.

"Dengi inadanganyaga hivyo, mama. Homa ikishuka, hatari ndo inaanza. Damu yake bado haijapona."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ndo nahesabuga damu yake."

Mama akaushika mkono wa mtoto, kisha akashuka.

Dorah alitundikiwa dripu, akaangaliwa kila saa. Kesho yake chembe zilishuka hadi elfu ishirini na tisa. Revocatus alikaa na karatasi ya majibu mkononi kabla ya kuipitisha dirishani. Siku iliyofuata, thelathini na nne. Halafu sabini. Kila asubuhi alianza na kichupa cha Dorah. Wodini hakurudi, hakuzoea, na angesema nini?

Siku chembe zilipovuka laki moja, alijikuta anacheka peke yake mbele ya mashine. Mchana Dorah aliruhusiwa. Mama yake aliwashukuru daktari na manesi; jina la mzee aliyemzuia getini hakulijua.

Jioni, nyumbani Makoko, Revocatus alimpigia mwanawe Samwel, aliyeko Dodoma, amsimulie.

"Baba, niko kwenye kikao. Nitakupigia."

"Haya, mwanangu."

Akabandika maji ya ugali wa mtu mmoja, akaketi kuyangoja yachemke.