Trekta la Mikono Miwili ya Kushoto

Ninachotaka kusimulia hapa hamtakiamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwepo kuna siku naamka nakishuku. Ila mimi Ignas niliishia darasa la sita, na mtu wa darasa la sita hajafundishwa kudanganya. Somo hilo, nasikia, lilikuwa la darasa la saba.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu Bibiana, mtoto wa dada yangu, anayeendesha mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Ninaandika nimekaa nje, kwenye benchi la wateja wake, na kila sentensi naisoma kwa sauti, maana nisipoisikia siwezi kujua kama imekaa sawa. Yeye yuko ndani, pumba zimemfunika mpaka nyusi, na mashine inaunguruma. Hasikii kitu. Kwa hiyo tuko huru.

Bibiana anakusanya maroboti. Yale ya plastiki: unakunja mguu, unapindua kichwa, mara limekuwa gari. Na hataki yale ya asili yanayokaa kwenye maboksi ya kung'aa. Anataka feki.

“Ya asili yanafanana, Mjomba,” huwa ananiambia. “Ukiliona moja umeyaona yote. Feki kila moja limekosewa kwa namna yake.”

Kabati lake la vioo, ambalo kwa watu wengine ni la vyombo vya wageni, limejaa makosa. Kuna gari la wagonjwa likisimama lina kichwa cha jogoo. Hilo ndilo la kwanza kabisa, na jina lake Jogoo. Kuna ndege yenye matairi ya tipa. Kuna moja linakunja magoti kwa nyuma kama korongo. Vikombe vya wageni viko chini ya kitanda. Gulioni Mkula wauza mitumba wanamwita kwa mbali, “Mama Roboti!” naye anakwenda kifua mbele. Halichukui hata moja kabla ya kuligeuza mara tatu mbele ya muuzaji. Lililovunjika mguu analiunga kwa spoku ya baiskeli, na kiungo kilicholegea anakibana kwa kipande cha kandambili.

Likabaki trekta. Miaka sita alikuwa akisema lipo roboti feki linalogeuka trekta, na alikuwa ameliona mara moja tu, kwenye picha nyuma ya boksi la Jogoo. Brigitha, mwenye mashine, alimcheka mbele ya wateja: “Nani atengeneze roboti la kulima? Hilo umelitunga mwenyewe.”

“Kabati la bonde la mpunga bila trekta ni kabati la watu wengine,” Bibiana akamjibu. “Litakuja.” Akaacha pengo katikati ya rafu ya juu, na kila Jumamosi alikuwa akilifuta vumbi. Pengo! Analifuta vumbi pengo!

Sasa, mwaka huu baada ya mavuno, tulivuka daraja kwenda Lupiro kutafuta samaki wakavu. Tukafika kwa Yosefina, mama lishe, na pale nje ilisimama pikipiki. Mbele ya usukani, limefungwa kwa mpira, kulikuwa na trekta dogo jekundu limejaa tope. Bibiana akanibana kidole. Mpaka leo hakijanyooka vizuri.

Mwenye pikipiki ni Evod, Mngoni aliyehamia huku kulima. Nikafurahi. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani, na mtani anaweza kukuvua kofia kichwani ukabaki unacheka. Sikuomba. Nikalifungua trekta nikalitia kwapani.

“Wee Mpogoro! Rudisha mali ya mtawala wako!”

“Mtawala gani? Babu yako alikuja huku na mkuki, akaondoka na bakuli la wali.”

“Na babu yako alikuwa wapi? Si mvunguni!”

Basi nikataka kuwaonyesha jinsi roboti linavyofunguliwa. Nikalipindua kulia, kwa utaalamu wangu. Hapo gurudumu la nyuma likaamua kutoka. Lenyewe. Mimi nilikuwa nimelishika tu.

Evod akanivua kofia, akaivaa. “Umeniharibia trekta, mtani. Na halifunguki hilo. Mwaka wa pili huu ninalo, ni trekta tu.”

“Ni roboti, kaka,” Bibiana akasema, akamsimulia habari za kabati lake lote.

“Haya, dada. Unauona wali wa Yosefina? Ukiiva na hili limesimama kwa miguu, chukua, ni lako. Ukiiva limelala, nakuja Ifakara nachagua ninachotaka kwenye hilo kabati mnalojisifia. Na mjomba wako ndiye atakayenibebea.”

Bibiana akalichukua trekta mkononi mwangu. Nilijua anamfikiria Jogoo.

“Sawa,” akasema.

Akaligeuza juu chini, akakwangua tope kwa ukucha. Ikatokea nyota ndogo. Akacheka. “Hili na Jogoo ni kiwanda kimoja. Hawa wa nyota wanakosea palepale siku zote: kinachotakiwa kufunguka kulia, kwao kinafunguka kushoto. Mjomba alikuwa anakaza.”

Akajaribu kushoto. Wapi! Tope la majaruba ya mpunga lilikuwa limegandia kwenye viungo kama saruji. Nikamshauri nyundo. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye sufuria.

“Shikamoo mama. Naomba mvuke.”

“Marahaba. Unaomba nini?”

“Mvuke tu. Wali siugusi.”

Wali ulikuwa umepaliwa, mkaa juu ya mfuniko. Yosefina akaunyanyua ule mfuniko na mkaa wake. “Tope likidondoka humu, mwanangu, utaula wote peke yako.”

Bibiana akalishika trekta kwa pindo la kitenge, juu ya mvuke lakini pembeni kidogo ya sufuria. Tope likaanza kutoka jasho.

“Hapana!” Evod akaruka. “Ukifunuliwa hivyo, huo wali hautaiva leo!”

“Hukusema usifunuliwe,” Bibiana akamjibu bila kugeuka.

Akachomoa spoku kwenye kilemba chake, ndimo inamokaa, akachokonoa taratibu. Akapindua kushoto. Tak, kichwa. Tak, mabega. Miguu ikashuka mmoja mmoja. Akaliweka mezani likasimama, limeegemea upande uliokosa gurudumu, na mikono yote miwili ikiwa ya kushoto. Yosefina akaonja wali. “Mbichi,” akasema.

Evod akalitazama sana. “Lichukue, dada. Kofia inabaki.”

Na hapo ndugu zangu, watu wasiopungua mia mbili wakapiga vigelegele, pikipiki zikajiwasha zenyewe, Evod akapiga magoti, na roboti likainua mikono yake miwili ya kushoto, likanigeukia mimi, likasema shika—

“Mjomba!”

Mashine imezimwa. Sijui imezimwa tangu lini.

“Tulikuwa watu watano, na mmoja alikuwa amelala. Roboti halikusema neno. Na aliyepiga magoti ni wewe, ulipokuwa unalitafuta chini ya meza lile gurudumu ulilolivunja.”