Dawa ya Kutu

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Ilula, na hakuna anayewasema walevi kunizidi mimi. Nalitaja kwanza ili mnicheke vizuri.

Nilirithi pikipiki ndogo ya kizamani ya marehemu baba, nikaamua kuigeuza kafe resa, pikipiki ya mbio ya kujionyesha, kama zile za kwenye simu. Nikakata kiti kikabaki cha mtu mmoja, nikashusha usukani mpaka nikawa naendesha nimelala kama mjusi ukutani. Tatizo likawa kutu ndani ya tenki. Video ikasema nililoweke kwa kitu kichachu. Siki sikupata, lakini Mama Tumaini anauza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na ukilala siku tatu unachachuka hadi machozi yanatoka. Wiki nzima nilipita mlango wake wa nyuma na kidumu.

"Si wa kunywa," nilimwambia.

"Ndiyo, mzee," akaitikia, kama anavyowaitikia wote.

Nikaujaza kwenye tenki, ukalala humo, kisha nikaumwaga bila kusuuza, nikajaza petroli. Jumapili baada ya ibada nikaipiga kiki mbele ya waumini. Ikakohoa, ikazima. Nikachomoa mpira wa mafuta, nikaunyonya kutoa uchafu. Mdomo ukajaa ulanzi na petroli. Kwa mshtuko, nikameza.

Mchungaji akainama, akanusa tenki, kisha akaninusa mimi.

"Mzee, hii ni nini?"

Kabla sijajibu, Mama Tumaini akatokeza na joho lake la kwaya.

"Jamani! Wiki nzima nilijua anakunywa peke yake. Kumbe wanakunywa wawili, yeye na pikipiki!"