Shuku Sakafu Kwanza

Ipo siku moja naikumbuka sana, mwanangu, na nimezidi kuikumbuka tangu juzi nilipokuona ukifunga sanduku lako la vifaa kwa kufuli mbili, eti kwa sababu mwenzako wa karakana amekuja kukutembelea. Kufuli hizo umezirithi kwangu. Mimi ni mtu wa mashaka. Mama yako atakuambia kwamba hata leo nikiletewa chai namtazama kwanza aliyeimimina. Kwa hiyo sisemi nawe kama mtu aliyepona.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi redio pale Bukoba mjini, na rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Mutalemwa wa Kaagya. Mjomba wake alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na magari mawili ya rimoti, yale ya mashindano, yote mabovu. Tukayachanganya tukapata moja zima. Mimi nilishughulika na nyaya na rimoti, yeye magurudumu na springi. Tulilikimbiza nyuma ya nyumba yao, kando ya migomba, kwenye udongo mwekundu wenye majani makavu. Pale lilitaka matairi ya meno, springi laini, na tumbo lililoinuka lisikwame. Hakuna aliyetushinda, hata vijana wa Kemondo waliokuja na lao wakijisifu njia nzima.

Kisha tukaalikwa Muleba. Kule walishindania kwenye sakafu ya saruji ya kukaushia kahawa, msimu ukiwa umekwisha. Mimi sakafu hiyo sikuwahi kuiona. Mutalemwa aliiona, maana wiki ile alikwenda huko mara mbili, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Mtu mmoja wa stendi akaniambia amemwona amekaa na fundi wa Muleba, vichwa vimekaribiana, wanacheka. Nikajiuliza wanacheka nini. Nilipomwuliza alikuwa wapi alisema, "Nilikuwa natazama mambo yetu." Jibu hilo nikaligeuzageuza kichwani kutwa nzima, na kila nilipoligeuza lilizidi kunuka.

Ijumaa jioni nikitoka mazoezi ya kwaya nilipita kwao kuchukua gari. Hakuwepo. Mama yake alikuwa shambani, akanipungia mkono niingie. Nikaliinua gari, nikaligeuza chini juu. Matairi ya meno hayapo. Yamewekwa mengine, laini, hayana hata mstari. Springi zimekazwa. Tumbo limeshushwa mpaka karibu na ardhi. Nikafungua shokapu moja: mafuta tuliyoyazoea yametolewa, mna mengine mazito yanayojivuta kama asali. Nikalijaribu palepale uani, likateleza likagonga mgomba. Nikasema basi, ameniuza.

Sasa sikia ujanja wangu. Sikumsubiri nimwulize. Mtu wa mashaka hapendi kuuliza, anaogopa kupewa jibu zuri. Vile vya kwanza nilivikuta kwenye kisanduku chetu cha vifaa, nikakaa barazani kwao nikarudisha kila kitu kama zamani: meno, springi laini, mafuta mepesi. Yale matairi yake nikayatupa migombani, nikaondoka na gari. Kesho yake kwenye basi alikuwa ameniwekea nafasi pembeni yake. Nikampita kama simjui, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, gari nimelifunika kwa koti, nikitazama kisogo chake mpaka Muleba.

Saruji ile ilikuwa ngumu, imefagiliwa vizuri. Kona ya kwanza tu meno yakang'ang'ania sakafu, springi zikainama upande mmoja, gari likabinuka na kulala chali, magurudumu yakizunguka hewani. Nikaliinua. Kona ya pili likabinuka tena. Watu wa Muleba hawakucheka, na hilo nalo nikalishuku. Yule fundi wao akamwambia Mutalemwa, "Si nilikuonyesha yanayofaa hapa? Nilidhani umeshabadilisha."

Mutalemwa aliyatazama matairi, kisha akanitazama mimi. Alielewa yote palepale, kwa sababu alinijua.

Jioni ile nilikwenda Kaagya kuomba radhi. Sikumkuta, alikuwa amebaki Muleba kwa yule fundi. Mama yake alinikaribisha ndani, akaleta kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Unajua desturi yetu: mwenye nyumba anaonja kwanza, ndipo mgeni anywe bila hofu. Akaonja, lakini hakunipa. Akakipakata.

"Nimeonja ili usinishuku, waitu, mtu wetu," alisema. "Mwanangu naye alikuonjea. Siku tatu alikuwa analipeleka hilo gari kwenye baraza ya saruji ya kanisa, anabadilisha, analikimbiza, anabadilisha tena. Magoti yamemchubuka kwa kupiga magoti kwenye saruji. Alisema atakueleza kwenye basi, mna muda wa kutosha. Wewe ukamwaga kabla hujauliza ndani mna nini."

Ndipo akanipa kibuyu. Na pembeni yake akaweka yale matairi laini, ameshayaosha udongo. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nilipiga funda moja, halikupita.

Mutalemwa hakuwahi kunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alihamia Muleba, akafungua karakana yake, na anaendelea vizuri. Mpaka leo tukikutana stendi ananishika mkono na kusema, "Habari za siku nyingi, fundi." Kwa Kiswahili, mwanangu. Kiswahili safi cha ofisini, cha kumsalimia bwana shamba. Sisi tuliotaniana kwa Kihaya tangu darasa la kwanza. Mimi humjibu kwa Kihaya kila mara, na yeye hunijibu kwa Kiswahili kila mara.

Basi, sikuambii uache kushuku. Najua huwezi, na dunia hii haimtaki mtu anayemeza kila kitu. Ila shuku sakafu kwanza. Gari lililokimbia vizuri kwenye udongo wa kwetu halina deni la kukimbia vizuri kwenye saruji ya watu, na anayebadilisha kitu chako huenda ameona ardhi ambayo wewe hujaikanyaga. Usilijaribu uani kwako ukasema limeharibika. Huko siko linakokwenda. Kabla hujarudisha hata skrubu moja, muulize aliyeikaza, na umuulize ukiwa umekaa kiti cha pembeni yake.

Kisha ondoa kufuli moja kati ya zile mbili. Moja tu, sikulazimishi zaidi ya hapo.

Mungu akupe mwenza wa kukuonjea, mwanangu, na akupe koo la kupitisha anachokupa. Na siku utakapokuwa mzee kama mimi, ukashuka stendi ya Muleba na mkongojo wako, awepo mtu wa ujana wako atakayekuita kutoka upande wa pili wa barabara, na akuite kwa Kihaya.