Sesheni Iliyochacha

Wenzake walimwita Sabuni, kwa sababu hakuwahi kuanza kazi kabla ya kupangusa kibodi kwa spiriti. Alikuwa fundi wa programu hospitalini, na ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya stoo ya mashuka, kinachonuka panya. Harufu hiyo aliizoea. Alichoshindwa kuzoea ni programu aliyoachiwa na mtangulizi wake.

Jumatatu moja asubuhi, daktari alimfutia mzee mmoja dawa ya moyo kwenye kompyuta ya wodini. Saa sita mchana skrini ya mfamasia bado ilionyesha dozi ileile, naye akaitoa. Mzee alitapika mpaka usiku, mapigo yakashuka, wakamuwahi kwa bahati tu. Mfamasia, mama aliyebakiza miezi minne astaafu, akasimamishwa kazi. Mkuu wa kitengo cha kompyuta akamtaka Sabuni aandike ripoti fupi kwamba mama yule alizembea kufungua ukurasa upya.

Sabuni alisema ataangalia kwanza. Alisoma programu mstari kwa mstari huku uso ukimkunjamana. Kila mtu anapofungua ukurasa, programu inatakiwa ianzishe sesheni, yaani kikao kifupi cha kuulizana na hifadhidata, ghala la kumbukumbu za wagonjwa, kisha ikifunge. Hii ilifungua sesheni moja tu inapowashwa, ikaing'ang'ania kutwa. Ilichosoma asubuhi ndicho ilichojibu mchana, hata ungebofya mpaka kidole kiote sugu. Makosa yakitokea, iliyameza kimyakimya. Pembeni mtangulizi aliandika: “Data ikichacha, zima uwashe. Mkuu anajua.”

Mate yalimjaa Sabuni kinywani kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Kwenye faili la kitengo akakuta barua saba za manesi, za miaka miwili, zote zikilalamikia skrini inayodanganya. Kila moja ilikuwa na sahihi ya mkuu na neno moja: imeonekana.

Kurekebisha hakukumaliza hata asubuhi moja. Kila ombi alilipa sesheni yake, inayofungwa jibu likishatoka. Kosa likitokea, kilichoandikwa nusunusu kinafutwa. Muunganisho na hifadhidata uliokaa bure unapimwa kwanza kama ungali hai, ndipo utumike. Wepesi wa kazi yenyewe ndio uliomtia kinyaa zaidi: miaka miwili, kwa jambo la saa tatu.

Mkuu aliisoma ripoti yake, akaisukuma pembeni.

“Dada, mambo ya ndani tunayamaliza ndani.”

“Mama wa watu yuko nyumbani anajiona muuaji, bosi. Nakala za barua nimeshampelekea mganga mkuu.”

Mkuu alitabasamu, akampa mkono wa kuagana. Sabuni aliutazama ule mkono, akatoka bila kuushika.

Mzee alirudi nyumbani akishikiliwa na mkewe. Mfamasia aliitwa kazini wiki iliyofuata, bila hata mtu wa kumwambia pole. Mkuu yeye alihamishiwa makao makuu, akafanyiwa sherehe na kupewa cheti cha kuboresha mfumo wa dawa. Sabuni alipopewa kipande cha keki, alikirudisha mezani bila kukionja.

Mama mfamasia, aliyeketi kando yake, alikivuta kile kipande akakila taratibu.

“Keki haina kosa, mwanangu,” alisema.

Sabuni alikuwa akitazama watu wazima wakipanga foleni kumpongeza mkuu.