Siku Tuliyoamua Kuwa Wanafunzi

Chuo kimoja cha Mbarara kilinitoa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa ajili ya miguu yangu, si kichwa changu. Mwalimu wao wa michezo alinikuta nikicheza mpira na wasichana wenzangu karibu na shamba letu la maharagwe, akamwambia mama nitasomeshwa bure. Mama akapiga vigelegele.

Nilisoma lini? Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, na kipindi kikigongana na mechi, kipindi ndicho kilichokufa. Mkuu wa chuo alipenda sana kupigwa picha amekumbatia makombe yetu. Mbele ya wageni alituita "mabinti zangu". Mabinti hao walilala wawili kitanda kimoja.

Kisha golikipa wetu, Mrundi mpole ambaye wazazi wake walilima Nakivale kama wangu, akavunjika mguu uwanjani. Tulimpeleka hospitali ya misheni, Ruharo. Daktari alitaka pesa kwanza, na mkuu akatangaza kwamba matibabu ni juu ya wazazi.

Kapteni wetu, binti wa Kiislamu wa pale mjini, hakulala na hasira hiyo. "Hata wapakiaji wa ndizi Isingiro wako na chama," alituambia. "Mmoja akiumia, wenzake wanasimama. Sisi je?"

Tukaunda chama chetu, tukaenda ofisini timu nzima.

Mkuu alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Chama ya nini? Nyinyi hapana wafanyakazi. Nyinyi wanafunzi. Kazi yenu kusoma!"

"Asante, mzee," kapteni akajibu. "Tumesikia."

Siku ya fainali, wageni wakiwa wameshaketi chini ya maturubai, sisi tuliingia darasani na madaftari. Mhadhiri wa uchumi akatukodolea macho. "Nyinyi ni wageni?"

"Hapana, mwalimu. Hili ni darasa letu tangu mwaka jana."

Hakuwa amemaliza ubao mmoja mkuu alipotokea mlangoni akihema, tai imemrukia begani. "Munafanya nini hapa? Tokeni!"

"Tunasoma, mzee," nikasema. "Si ndiyo kazi yetu?"

Ungemwona baba wa mabinti! Alibembeleza, akatisha, akabembeleza tena kama dalali wa mbuzi. Kwake tulikuwa wanafunzi mtu akivunjika, na wafanyakazi kombe likitakiwa. Hatukuinuka mpaka mhasibu wa chuo alipofika Ruharo na pesa, na kapteni akasikia kwa simu, kwa sauti ya golikipa mwenyewe, kwamba daktari ameanza kumshughulikia.

Ndipo tukacheza. Tulifungwa, na picha haikupigwa.

Muhula uliofuata, kapteni na mimi tuliambiwa nafasi zetu zimekwisha, eti kwa utovu wa nidhamu. Wenzetu walibaki, na golikipa akapona akarudi darasani. Mimi nikarudi Juru.

"Banasema uko na kiburi," mama alinipokea.

"Kweli, mama."

Akaniongezea bugali. "Kula mingi basi. Kesho tunapalilia."