Mama Aliyekufa kwa Simu

Mama yangu alikufa nilipokuwa darasa la kumi na mbili, mwaka wa mwisho wa sekondari, siku moja kabla ya mtihani wa hesabu. Jana alinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Niseme mapema, nisije nikaonekana mchawi: hakufa. Baba alimuua kwa maneno, mama mwenyewe akiwa amekaa pembeni anakubali, na mimi ndiye niliyemlilia.

Sisi ni watu wa ng'ambo. Tulikimbia vita Kongo nikiwa na miaka kumi na mitatu, wazazi wakapewa shamba katika kambi ya wakimbizi, mbali na ziwa tulilovuka. Mimi nikapata nafasi katika sekondari ya bweni upande wa Kabuta, karibu na maji kiasi kwamba harufu ya samaki ilikuwa inaingia darasani kabla ya mwalimu. Kiingereza kilinikwama kooni, na Kibemba changu, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha sokoni. Hesabu peke yake ndiyo haikuniuliza nimetoka wapi. Nilitaka kuwa mwalimu, na bila hesabu hakuna chuo cha ualimu kingenipokea. Nyumbani walilijua hilo. Mama alilijua kuliko wote, maana kila likizo nilimsumbua kwa kumchorea pembetatu kwenye majivu.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mgumu kama kisiki. Malaria haikukutoa shuleni kwake, harusi ya dada yako haikukutoa. Msiba tu. Mchana ule aliniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, nikajua kuna jambo. Akasema baba yangu amepiga simu, mama ametutoka asubuhi. Akasema pia kwamba karatasi ya hesabu haina marudio mwaka huu, lakini mama naye ni mmoja, niamue mwenyewe. Niliamua kabla hajamaliza sentensi.

Rafiki yangu, tuliyekaa dawati moja miaka miwili, alinisindikiza hadi barabarani. Yeye mama yake alikuwa amekufa kweli, tulipokuwa darasa la kumi. Alitoa kitambaa cheusi cha msiba alichokuwa anakihifadhi ndani ya Biblia tangu siku zile, akanifunga mkononi. Mchuuzi aliyekuwa anapeleka chisense bara kwa baiskeli, wale dagaa wetu wakavu, aliposikia nina msiba alishusha gunia moja akaliacha kwa mwenzake ili nipate pa kukaa. Kwenye vilima alishuka akasukuma, akanikataza nisishuke, akasema mfiwa hatembezwi. Nililia njia nzima juu ya magunia ya mtu nisiyemjua.

Jua lilikuwa linazama nilipofika kambini. Nyumba ya msiba husikika kabla haijaonekana, basi nikatega sikio nisikie vilio. Kimya. Nikaona moshi wa jiko, nikaona kinu, na nyuma ya kinu nikamwona mama anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Hakunikimbilia. Aliweka mchi chini akaingia ndani.

Baba ndiye aliyekuja kunipokea, amenyoosha mikono yote miwili.

"Mwana yangu, usikasirike. Kesho banahesabu batu ya kambi. Kila mutu wa kwenye karte ya posho lazima aweke kidole kwa mashini. Mara yenye ilipita kaka yako alikosa, bakamukata, mpaka leo hana karte. Directeur wa shule hangekuachia juu ya kuhesabiwa. Juu ya lufu, juu ya mutu kufa, njo angekuachia."

"Kwa nini umtaje mama?"

"Miye nilitaka kutaja bibi yako. Mama yako mwenyewe njo alikataa. Alisema, juu ya bibi hatakuja, juu yangu atakuja."

Hapo ndipo kisu kilipoingia. Kudanganywa na baba ningelivumilia, maana baba alishadanganya askari na wenye mitumbwi ili tufike hai. Lakini mama alipima ni kiasi gani ninampenda, akaona kinatosha kuniangusha, akakitumia. Waliposema kikulacho ki nguoni mwako sikudhani nguo yenyewe ni kitenge kilichonibeba mgongoni.

Kurudi usiku ule hakukuwezekana, na mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi. Saa tatu hiyo nilikuwa kwenye foleni, bado nimevaa sare, mama mbele yangu, baba nyuma. Karani kijana alitazama sare yangu akauliza mbona nimekuja. Wanafunzi wa bweni walitakiwa kuleta barua ya shule tu, akasema. Ilitangazwa kanisani Jumapili mbili mfululizo.

Nikamgeukia baba. Alikuwa amesikia, Jumapili zote mbili.

"Barua inapoteaka," alisema. "Kidole hakipotee."

Niliweka kidole. Haikuchukua hata dakika moja.

Shuleni nilirudi na siri isiyo yangu. Ningesema kweli, mwalimu mkuu asingemruhusu tena mtoto yeyote wa kambini kwenda kuzika, na baba angeitwa mwongo mbele ya watu wazima. Basi nikasema tumemzika vizuri. Wenzangu walikuwa wamechanga mfuko wa unga na kuku mmoja. Wakaja mmoja mmoja kunishika mkono, "mwaculeni mukwai", pole zao za Kibemba, na mimi nikaitikia. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa ndefu, na mimi ndiye niliyeachiwa niitembee. Kibaya kuliko vyote ni yule rafiki yangu. Kila jioni alikaa nami akinieleza kwamba mwezi wa pili wa msiba ndio mzito, kwamba nisijilazimishe kula. Kitambaa chake nilikuwa nacho mkononi, na nilijichukia.

Hesabu niliirudia miaka miwili baadaye kama mtahiniwa wa nje, nikafaulu, leo nafundisha. Watu huniambia basi yameisha. Hayakuisha.

Baada ya karatasi ya mwisho kulikuwa na sherehe ya kuagana, wazazi wamealikwa. Mama akapiga simu kwa kijana wa duka la karibu na shule. Ilikuwa mara ya kwanza tunaongea tangu ile foleni.

"Nilishashona kitenge. Siku ya sherehe nitakuja."

"Usikuje, mama. Huku ulishakufa."



"Sawa," alisema. "Utaniambia vile ilikuwa."

Siku yenyewe waliita majina, na kila mzazi akasimama nyuma ya mwanawe kwa ajili ya picha. Nyuma yangu palikuwa wazi. Rafiki yangu akatoka kwenye mstari wake, ambako nako hapakuwa na mtu, akaja kusimama nami bega kwa bega.

"Mama zetu wanatuona," aliniambia.

Wa kwake sijui. Wangu alikuwa kambini, amevaa kitenge kipya, anasubiri nimpigie nimweleze vile ilikuwa. Sikumpigia.